Hatua kumi hadi baharini

Shoga, uko? Kaa chini kwanza.

Unakumbuka lile tangazo la hoteli yetu nililoandika, nikajisifu kwako wiki nzima? "Toka chumbani, hatua kumi uko baharini." Basi leo bosi kanipa yule mama wa wakala wa utalii nimtembeze. Ndiye anayetuletea nusu ya wageni. Akiudhika, tumekwisha.

Mama katoka na vazi la kuogelea, miwani usoni, taulo begani. Bahari haipo. HAIPO, shoga! Maji yamekupwa, ni matope mpaka macho yanapokomea. Mtaalamu mimi sikuangalia ratiba ya maji.

Akaniuliza kwa upole kabisa, "Bahari iko wapi?"

Nikamjibu, "Inarudi saa kumi." Kama vile imeenda sokoni!

Akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Alipofika mia tatu, kiatu changu kikabaki matopeni.

Bosi kaniita, nikajua kazi imeota mbawa. Kumbe anacheka. "Futa lile tangazo. Andika: tembea chini ya bahari bila kulowa."

Yule mama, kumbe matembezi ya matopeni yamemnogea, kashaweka nafasi za watu ishirini, kesho. Na kiongozi wa matembezi ni nani? Ni mimi, mwenye kiatu kimoja.