Shangazi Jeltje kwenye Orodha Nyekundu

Postma na Mwana
Dokkum, Friesland
Jumapili, 17 Machi 2024

Mpendwa dada Froukje,

Salamu zangu zikufikie huko Dunedin wewe, shemeji Callum na watoto. Je, mkono wa Isla umeshaunga tangu aanguke na baiskeli? Na wewe mwenyewe, usingizi umerudi? Uliponiambia kwenye simu kwamba unashtuka alfajiri ukidhani mama yako anakuita, nilianza kukusimulia habari za mvua. Nisamehe. Ndio ugonjwa wa ukoo wetu huo: mtu akibanwa na neno, anakimbilia hali ya hewa.

Huku tu wazima wa mwili. Nyonga ya Baba inampa nafuu, sasa anapanda ngazi bila kutukana. Hiske anakusalimu sana, bado anashika simu dukani na bado ananigombeza. Kondoo wameanza kuzaa kule juu ya tuta la kuzuia bahari.

Barua hii nimeianza mara nne nikaichana mara nne. Nataka kukuambia jinsi mama yako alivyokufa. Wewe unajua nusu. Nusu nyingine ninayo mimi.

Unazikumbuka kadi za Baba, zile za kwenye droo za mbao nyuma ya duka. Mbele ya kadi aina ya boila ya kupashia nyumba joto na mwaka ilipofungwa, nyuma mambo yasiyohusu boila hata kidogo. "Mbwa anauma." "Kahawa yao nyepesi, usilalamike." "Mume kafariki Septemba, usimuulize hali, muulize bustani." Kwa miaka arobaini Baba aliendesha kampuni kwa kadi zile, na hapakuwa na nyumba kutoka hapa hadi baharini ambayo hakujua boila yake inakohoa vipi.

Alipostaafu nikasema, haya, zamu yangu. Nikanunua programu ya kusimamia wateja. Akaja bwana mmoja kutoka Zwolle, viatu vyeupe pe, akatuketisha sote akatueleza kwamba uhusiano mzuri na mteja haujengwi kwa kubahatisha, unapimwa. Kila simu, kila ziara, kila dakika inaingia kwenye kompyuta, halafu kila mteja anapewa rangi. Kijani ni mteja mwema. Manjano, kaa macho. Nyekundu, huyo anakula muda wako bure. Fundi wetu Durk akamuuliza, "Na sisi mafundi tuna rangi gani?" Bwana yule hakucheka. Mimi nilipendezwa, Froukje, sitaki kukudanganya. Nilijiona mtu wa kisasa, nimemzidi baba yangu.

Tulihamisha kadi Jumamosi saba mfululizo, Hiske akisoma, mimi nikiandika. Tulipofika kwa mama yako, nyuma ya kadi palikuwa na neno moja tu: "Alhamisi." Hiske akauliza liingie wapi. Nikamwambia hiyo si taarifa, ruka.

Wewe umeondoka zamani, labda hukulijua hili. Kila Alhamisi asubuhi mama yako, shangazi yangu, alipiga simu dukani, na Hiske alimpa Baba.

"Jeltje, ina nini leo?"

"Inanung'unika."

"Inanung'unika yenyewe au wewe ndiye unanung'unika?"

"Njoo uisikilize mwenyewe, zuzu wewe! Ufundi ulisomea wapi?"

Basi Baba anavaa ovaroli safi, iliyopigwa pasi, anabeba sanduku la vifaa na kwenda zake kwa shangazi, Anjum. Sanduku lenyewe halikufunguliwa hata siku moja. Walikunywa kahawa, na shangazi alilifungua kopo la biskuti mara mbili, heshima ambayo hata mchungaji hakuwahi kuipata. Wote wawili walijua boila ni nzima. Lakini unatujua watu wa huku. Huendi kwa mtu bila kuitwa, hata kama mmenyonya ziwa moja, na humwiti mtu kwa sababu tu umechoka kukaa peke yako. Boila mbovu ni sababu ya heshima. Baba alipostaafu aliendelea na Alhamisi zake, na programu ikaziandika zote kwa jina la kampuni: simu arobaini na tatu, ziara arobaini na tatu, kasoro sifuri.

Mwezi wa Novemba programu ikaniletea orodha nyekundu. Majina thelathini na moja, na barua ikiwa imekwisha kuandikwa, bado kubonyeza tu. Acha nikunakilie, maana naijua kwa moyo.

"Mpendwa Bi. Wiersma, muda wako ni muhimu kwetu. Tumeona kwamba umetupigia simu mara 43 bila kasoro yoyote kupatikana. Ili tukuhudumie vizuri zaidi, tunakuomba usome kwanza maswali na majibu kwenye tovuti yetu. Kuanzia sasa simu zako zitapokelewa na mtambo wetu wa kujibu. Katika huduma yako daima, Wybren Postma."

Chini yake picha yangu, nimetabasamu. Bi. Wiersma! Mwanamke aliyenifunga viatu vya barafu nikiwa na miaka minne, akaniweka nyuma ya kiti cha jikoni nikisukume juu ya mfereji ulioganda mpaka nikajua kuteleza. Leo namwita Bi. Wiersma na kumwambia asome tovuti.

Mpaka wiki iliyopita, kila nilipojisimulia kisa hiki nilikuwa nakomea hapo. Programu ilimchagua, programu ikamtumia, mimi sikujua. Ni uongo. Nililiona jina lake. Lilikuwa la tisa. Hiske alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "We Wybren, huyo si shangazi yako? Mtoe."

Nikamjibu, "Nikianza kutoa ndugu nitaitoa Friesland nzima. Sheria ni moja kwa wote."

"Sheria gani? Jana tu ulikuwa huijui hiyo sheria."

Nikacheka. Nikasema labda sasa shangazi atamwacha Baba aipumzishe nyonga yake. Kisha nikabonyeza.

Alhamisi iliyofuata simu haikulia. Baba alikaa na ovaroli yake mpaka saa tano, akaivua, akaenda kusoma gazeti. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu nikamuuliza kwa nini haendi tu.

"Hajaniita."

"Baba, ni dada yako."

"Mwenye boila ni yeye. Yeye ndiye apige."

Hiske alimchokonoa kidogokidogo mpaka akasema linalomsumbua. Alhamisi ile ya mwisho alikuwa amemtania shangazi kwamba mkate wake wa sukari ni mkavu. Basi aliamini amemuudhi, na kila siku alijilaumu kwa ajili ya mkate. Mimi nilikuwa nimeketi meza hiyohiyo, Froukje, nikijipakia siagi. Sentensi moja tu ilitosha. Lakini niliona haya, na haya ikikaa siku mbili inakuwa ngumu kuliko siku ya kwanza. Krismasi tukamwalika shangazi, akasema ana mafua. Nikashukuru, Mungu anisamehe. Nilishukuru kwamba sitamtazama usoni.

Januari boila yake ikaharibika kweli. Unakumbuka mlivyoongea Jumapili ile, ukamwona kwenye skrini amevaa koti, akakwambia yuko njiani kutoka. Hakuwa anatoka. Jirani yake Bi. Aukje alimkuta Jumanne, amejikunja kwenye kiti chini ya mablanketi, midomo ya bluu, na kifua kimeshajaa. Ulipofika hospitali Leeuwarden hakukutambua tena. Uliniuliza kwa nini hakupiga simu. Nikakwambia, "Unamjua mama yako, hakutaka kumsumbua mtu." Ukatikisa kichwa ukalia, ukasema kweli, ndivyo alivyo.

Siku ya mazishi, kwenye kahawa na keki, ulinishika mikono yote miwili mbele za watu ukasema, "Asante, Wybren. Mimi nilikuwa mbali, lakini angalau Mama alikuwa na ninyi." Nami nikajibu, "Si kitu." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Na sasa lililo baya zaidi, ambalo hata mimi sikulijua wakati ule. Mwishoni mwa Februari nilifungua ukurasa wake kwenye programu ili niufunge. Haukubali kufungwa bila kutaja sababu ya mteja kuondoka, na sababu ziko tatu za kuchagua: amehama, amepata kampuni nyingine, hakuridhika. Nikiwa nimeduwaa hapo, nikaona mstari mmoja chini kabisa.

"Ijumaa 12 Januari, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Simu kutoka kwa mteja. Sekunde 40. Mteja amekata. Hakuna hatua inayohitajika."

Alipiga, Froukje. Mama yako alipiga simu.

Nimeupigia mtambo wetu nikiwa na saa mkononi. Unaanza na makaribisho, unasema tovuti iko wapi, kisha bonyeza moja kwa hiki na mbili kwa kile. Zikifika sekunde arobaini bado haujafika kwenye namba ya kuongea na mtu. Na sauti ya mtambo ni yangu. Nilijirekodi mwenyewe, yule bwana wa Zwolle alisema sauti ya mwenye kampuni huleta ukaribu. Shangazi alikuwa na miaka themanini na mmoja na sikio moja baya. Sijui kama alijua ni mashine. Sijui kama alinijibu, kama aliniita jina langu, akaniambia nyumba ni baridi, na mimi nikaendelea kumwambia abonyeze moja. Nililia pale dukani mbele ya Durk, mtu mzima mimi, na Durk akatoka nje akaenda kupanga vifaa kwenye gari. Asubuhi ile ya tarehe kumi na mbili gari hilohilo lilikuwa Metslawier, dakika chache tu kutoka kwake.

Wenye hekima walisema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu huyo nimempakata, na hatalala.

Unataka kujua kinachonikera kuliko vyote? Ripoti ya robo mwaka imekuja, inanipongeza. Malalamiko yamepungua, simu zimepungua, uhusiano na wateja umeboreka. Watu thelathini na mmoja wameacha kunipigia, na programu inadhani wameridhika. Nimewatembelea wote waliobaki, mmoja mmoja, kwa miguu yangu. Wawili walinifukuza mlangoni na nikaona ni haki. Mtambo wa kujibu nimeuzima, simu anapokea Hiske au mimi. Lakini sikuandikii haya ili uniambie nimefanya vizuri. Maji yakimwagika hayazoleki, na ukurasa wa mama yako bado uko wazi kwa sababu sina kisanduku cha kubonyeza.

Ijumaa nilimwambia Baba yote. Nilidhani atanipiga na fimbo yake, na ningekaa nipigwe. Alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Kwa hiyo haikuwa mkate." Basi. Aliinuka akaenda chumbani kwake, na nilimsikia akilia, mtu ambaye hata mama yangu alipofariki sikumsikia. Alipotoka aliniambia neno moja zaidi: "Mwandikie Froukje. Usimpigie, utaanza kuongea mvua." Tangu siku hiyo anakula nami meza moja lakini hanitazami. Sijui kama ataweza tena.

Sikuombi msamaha kwa barua, ingekuwa ni kukulazimisha ujibu. Nakuomba tu usiendelee kunishukuru. Kila ukinitumia picha za watoto na kuandika "kwa binamu aliyemtunza Bibi yao" nashindwa kula.

Sasa, habari ya tarehe nne Mei. Umeniomba nije uwanja wa ndege wa Schiphol kuwapokea, na mlale kwetu mpaka mtakapomaliza kuitoa mizigo ya nyumba ya Anjum. Ufunguo nimempelekea Bi. Aukje, na boila nimeibadilisha mwenyewe, inafanya kazi, hamtapata baridi. Ukitaka kukaa huko bila kuniona, hutahitaji kunipitia mimi kwa lolote. Lakini uwanjani nitakuja. Nitasimama pale abiria wanapotokea, tangu asubuhi, na kama ukinipita bila kunisalimu nitajua umesoma, na nitabeba mizigo yenu nyuma yenu mpaka kwenye gari nisifungue mdomo. Na kama njiani utataka kunipigia kelele, nipigie. Ni mwendo wa saa mbili na nusu, na safari hii nitasikiliza mpaka mwisho.

Nisalimie Callum, na umwambie ukweli huu pia, asiupate kwa mwingine. Mbusu Isla na mdogo wake Finn. Baba anakusalimu kwa jina lako la utotoni, Fro, na anasema atakungoja dirishani. Hiske anakulilia. Mungu akushike mkono huko uliko, akurudishie usingizi wako, na ampumzishe mama yako mahali palipo na joto.

Mimi nikupendaye, hata ukikataa,

Wybren