Glasi Iliyopungua

Gisenyi, Jumatatu

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute miguu imeacha kuvimba, na ile dawa ya kuchua unayoisifia kila ukipiga simu iwe imeanza kusaidia kweli. Baba mdogo naye kifua kinaendeleaje? Sisi huku wazima. Idrisa mzima, mjukuu wako Salma anaota meno ya mbele na anauma kila kinachompitia karibu. Baridi tu ndiyo inatusumbua. Ikishuka kutoka Bugeshi, kule chini ya volkano, hata wewe unayelala bila shuka ungeomba blanketi.

Wifi Asha, wewe unayemsomea, soma taratibu na usiruke mahali. Najua tabia yako.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunagombana. Wewe unasema, "Funga hiyo nyumba ya wageni urudi Ujiji, chumba chako nimeshakipaka chokaa," mimi nasema mtandao unakata. Mtandao haukuwa unakata, Mama. Nilikuwa sina jibu. Sasa ninalo, ila lina maelezo, na maelezo yenyewe yanaanzia jikoni kwako.

Unajua nilivyoanza huku. Niliuza chai na chapati karibu na mpaka, kwa kina mama wanaovuka asubuhi na mabeseni ya nyanya kwenda Goma. Nikaongeza sambaza wa kukaanga, ndio dagaa wa ziwa la huku, na usimwambie mtu wa Ujiji kwamba ni watamu maana atakasirika. Wateja wenyewe ndio walioniuliza kama kuna pa kulala, kwani mpaka ukishafungwa jioni aliyechelewa hana pa kwenda. Nikapanga nyumba, nikatia vitanda, nikafua mashuka kwa mkono. Baadaye tukapata kiwanja, tukajenga vyumba vyetu wenyewe. Idrisa alikuwa akirudi na lori kutoka Kigali, hajala wala hajaoga, anaanza kuchanganya saruji. Mwaka huu tukaongeza baraza kubwa linalotazama ziwa, ili tupokee sherehe. Watu wanapaita "kwa Mutanzania" na mimi nilikuwa najisikia fahari, sikufichi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kunywa hata maji pale: mama mkwe wangu. Yeye anakaa Kanama, analima maharage na viazi, na ni Mkatoliki wa kanisani kila Jumapili. Mwanawe aliondoka nyumbani akiitwa Inosenti, akarudi kutoka kwetu na jina la Idrisa na mke anayejifunga ushungi. Mpaka leo anamwita Inosenti. Akija kututembelea huleta viazi, huketi kwenye ukingo wa kiti, humpakata Salma, na nikimletea kinywaji husema ameshiba. Tangu nimeolewa, yule mama ameshiba tu! Nilishakata tamaa naye, nikasema huyu hanitaki, basi.

Sasa sikia yaliyotokea. Sherehe ya kwanza kwenye baraza jipya ilikuwa ya posa, wazee wa pande zote mbili wamevaa wakapendeza. Nikasema leo nitawaonyesha watu wa huku jinsi mgeni anavyopokelewa. Unakumbuka ulivyonichapa kiganja nilipoonja sharubati ya wageni wa Idi? Ulisema mgeni hapewi makombo, glasi ijazwe jikoni mpaka juu, ifunikwe kitambaa, ifike kwake haijaguswa na mdomo wa mtu. Nikafanya hivyo hivyo. Nikakoroga ule ukwaju ulionitumia, nikajaza glasi zote, nikazifunika vile vitambaa ulivyovifuma wewe mwenyewe, nikazipanga kwenye masinia.

Mama, hakuna aliyegusa. Walifunua vitambaa, wakaona maji ya kahawia wasiyoyajua, wakafunika tena. Mzee mmoja akaniita kwa upole sana akaomba soda, tena niilete na kizibo chake. Nikadhani ni maringo. Walipoondoka glasi zilikuwa palepale zimejaa, nikazimwaga moja moja huku nalia kwa hasira.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Waliokuwa wameomba baraza wakaghairi, kila mmoja na udhuru wake. Sokoni wakawa wanasema yule mwanamke wa Kigoma anapika vitu jikoni anawafunikia watu. Si unajua watu wa Kigoma tunavyosingiziwa uchawi? Nilidhani ule utani nimeuacha Tanzania, kumbe umenifuata na huku umepandishwa cheo. Hata vyumba vikaanza kulala vitupu. Idrisa akasema labda tupangishe nyumba yote kwa mtu mwingine. Ndiyo siku zile uliposikia sauti yangu kwenye simu ukaanza habari ya chumba na chokaa. Na mimi, Mama, nilikuwa nimeshaanza kukunja mashuka.

Aliyenifumbua macho ni Furaha, mpishi wangu, anayevuka kutoka Goma kila siku. Alinikuta nimekaa tu, akasema, "Mama Salma, we unaleta kinywaji imesha kujazwa huko ndani. Hapa mutu hanywake kitu hakuona ikifunguliwa mbele yake. Mwenye nyumba ndiye anaonjaka wa kwanza, bon, kisha wageni banakunywa bila woga."

Nikamwambia, "Furaha, umeniangalia nikijaza glasi zote zile, mbona hukusema?"

"Nilifikiri ni mambo ya dini yenu," akanijibu. Ningemfanya nini?

Basi nikabadilika. Chupa inafunguliwa mezani, ukwaju unakuja kwenye jagi, najimiminia, nakunywa mbele ya macho yao, ndipo nawapa. Mara ya kwanza mkono wangu ulikataa kabisa. Nilikuwa nakuona wewe umesimama mlangoni na lile jicho lako. Wachache waliokuja walikunywa vizuri, lakini walikuwa wachache kweli, na baraza likabaki la kuanikia nguo.

Jana Jumapili sasa. Saa za mchana nasikia honi getini, natoka, naona basi dogo kutoka Kanama linashusha kina mama wa kwaya, vitenge sare, na mbele yao mama mkwe. Hakuniarifu, hakumwarifu hata mwanawe. Akapanda barazani, akawaketisha wenzake kila mmoja mahali pake, yeye akabaki amesimama. Majirani wakaanza kuchungulia juu ya ukuta.

Nikamuuliza, "Mama, niwaletee soda?"

Akasema, "Hapana. Leta ile nyeusi."

Nikaleta jagi la ukwaju na glasi kwenye sinia. Nikajimiminia glasi, nikaiinua ili nionje kama Furaha alivyonifundisha. Mama mkwe akanishika mkono. Akanipokonya ile glasi, akageuka kwa wenzake, akasema kwa Kiswahili chake ili na mimi nielewe: "Mwenye nyumba ndiye anaonjaka. Hii nyumba ni ya mutoto wangu, basi mwenye nyumba ni mi."

Akanywa. Hakuonja, alikunywa, mpaka nusu. Akakunja uso kwa uchachu, akajifuta mdomo kwa kitenge, akanirudishia glasi niimalizie. Nikaimaliza nimesimama, machozi yananiingia mdomoni. Kina mama wakanyoosha mikono wote. Mmoja akadai sukari, mwingine akauliza hili tunda linaota wapi, na jagi likarudi jikoni kujazwa tena na tena hadi Furaha akalalamika. Wakaimba kidogo, wakala sambaza, wakaondoka.

Nilimsindikiza hadi kwenye basi. Nikashindwa kunyamaza, nikamuuliza kwa nini miaka yote hakunywa kwangu. Akaniangalia kama mimi ndiye wa ajabu. "Ulikuwa unaniletea imejaa, imefunikwa," akasema. "Nikasema, huyu mukazana, muke wa mutoto wangu, hataki kunywa pamoja na mi. Nilingojaka unywe kwanza."

Mama, nilitamani ardhi inimeze. Mimi nilikuwa namheshimu, yeye anaona namtenga.

"Na leo?" nikamuuliza.

"Sokoni Kanama banasema wewe ni murozi, unawekaka sumu. Mi naweza kukusema vibaya, we ni mukazana wangu. Bo ba sokoni, hapana." Akapanda basi. Halafu akatoa kichwa dirishani akaniagiza nimwambie Idrisa alete lori achukue viazi. Alisema Idrisa, Mama. Nimesikia kwa masikio yangu.

Leo asubuhi mmoja wa wale wanakwaya amepiga simu kuulizia baraza, wana ubatizo wa mjukuu. Wengine watakuja au hawatakuja, sijui. Lakini nimeyatandika yale mashuka tena.

Kwa hiyo sirudi. Chumba ulichopaka chokaa mpe Baba mdogo, kina hewa, kitamfaa kwa kifua. Nisalimie shemeji yangu wa dukani, jirani yetu muuza mawese, na mwalimu wangu wa madrasa, umwambie bado naswali. Wifi Asha, asante kwa kusoma, na ule ukwaju wa safari hii usiupunguze njiani. Nataka mwingi.

Na wewe Mama, Idi ikipita, ufunge safari uje. Mama mkwe ameshauliza utakuja lini. Atakupokea barazani, na nakuonya mapema ili usinitazame kwa lile jicho: atachukua glasi yako, atakunywa kwanza mbele yako, ndipo akupe. Tafadhali ipokee vilevile ilivyopungua, unywe.

Ni mimi mwanao,
Zuhura