Sharti la Maji

Jumatatu, 5 Mfungo Tisa 1323
Nimembadilisha Abdala nguo tena. Damu kwenye makohozi. Uji ameukataa. Mume wangu aliyekuwa akibeba magogo ya mikoko begani, sasa namwinua kama mtoto. Kombe la aya, hirizi, mizizi, vyote vimeshindwa. Hapa Maparoni sina pa kwenda tena. Naogopa.

Alhamisi, 8
Shemeji Athumani, mdogo wake Abdala, amekuja kutoka Kibiti. Anasema bara kuna mganga anatoa maji. Ukiyanywa, risasi ya Mdachi haikuingii. Vijana wanayanywa, wanakwenda vitani. Mimi vita sijali. Nimemuuliza jambo moja: na ugonjwa?
"Maji yanayozuia risasi yashindwe na kifua, shemeji?"
Abdala alikuwa anasikia. "Mama Zuhura, niacheni. Nimeishi."
Nimemkasirikia. Mwanetu hata meno ya utoto hajang'oa. Ameishi nini?
Kesho alfajiri naondoka na shemeji.

Jumatano, 14
Nimerudi. Tulipanda mto kwa mtumbwi, kisha kwa miguu hadi ng'ambo ya Ikwiriri. Watu tele. Shemeji alimwagiwa maji kichwani, akanyweshwa, akabaki na wapiganaji. Mimi nilijaziwa kibuyu. Sharti moja: mgonjwa asiguswe na mkewe mpaka apone. Nilikubali papo hapo.

Alhamisi, 15
Amekunywa. Hakutaka. Nililia mbele yake mpaka akanywa. Sasa anageuzwa na Bi Mwanaidi, shangazi yake. Mimi nasimama mlangoni.

Jumapili, 18
Hakuna nafuu. Leo amenyoosha mkono. "Njoo."
Nikasema siwezi.
"Nashika kitanda badala ya mkono wako, Mama Zuhura. Kitanda."
Nimekimbilia jikoni. Nimejiuma kidole mpaka kikatoka damu. Ya Rabi, nipe mwaka mmoja. Nipe hata msimu mmoja wa mpunga. Sitaomba tena.
Uongo. Nitaomba tena.

Jumanne, 20
Shemeji Athumani amekufa. Askari wa Mdachi waliwamiminia risasi. Aliyeleta habari alikuwa naye, anasema Athumani alishika masharti yote ya wapiganaji, hata muhogo wa mtu hakung'oa. Wengine wanasema yuko aliyevunja sharti, ndiyo maana. Labda. Sijui.
Nilikaa nikimsikiliza Abdala akikohoa. Kisha nikaingia, nikapanda kitandani, nikamkumbatia.
Bi Mwanaidi akapiga kelele. "Utamuua!"
"Mwache, shangazi," Abdala akasema.
Ngozi ya moto. Mifupa mitupu. Anatetemeka, au ni mimi. Habari za mdogo wake hajaambiwa. Sitamwambia.

Jumatano, 21
Tumeshinda pamoja. Ameomba samaki, amekula kidogo. Ameniuliza kama naogopa. Ndiyo. Yeye pia, amesema, ila si kama alipokuwa peke yake.

Ijumaa, 23
Amekufa asubuhi. Nilikuwa nimemshika. Wamemzika baada ya sala.

Jumapili, 3 Rajabu
Niko edani. Bi Mwanaidi ananiletea chakula, hanisemeshi. Kwake mimi ndiye niliyemuua. Kuna saa nami naamini hivyo. Saa nyingine naona kosa langu ni zile siku nilizosimama mlangoni, yeye ananyoosha mkono.
Nilitaka aishi. Bado nataka.
Manyunyu yamepita. Zuhura amelala mapajani mwangu, shingo imelowa jasho. Mguu umekufa ganzi. Sitainuka mpaka aamke.