Wimbo wa Mama Uliopanda Nao Jukwaani

Mdogo wangu Shabani,

Ujumbe wako nimeusikiliza. Unataka niimbe tena, ati mchezo wa daraja ulifia Kibiti kwa sababu watu wa huku hawajui sanaa, na huko Dar es Salaam utafufuka. Nakujibu kwa maandishi ili usinikatize, maana kunikatiza ndiyo kazi uliyoizoea.

Unaukumbuka mchezo wetu wa kwanza, ule wa kivuko? Wewe ulikuwa nahodha mlevi wa pantoni, mimi muuza samaki niliyekwama Ndundu, kapu limeanza kunuka. Watu waliimba pamoja nasi tangu mwanzo hadi mwisho, kwani nani hakuwahi kukwama pale? Mama alikaa mbele, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Siku ile nilikupenda sana, sikatai.

Halafu ukataka wa pili, wa daraja lililochukua nafasi ya pantoni. Nilikwambia daraja halina kisa, mtu anapita tu. Ukanuna, ukaenda kutafuta cha kuwavuta watu, na hukuniambia umepata nini. Nilikuja kukisikia nikiwa nyuma ya pazia, ukumbi umejaa: wimbo wa unyago, ule ambao mama yetu, kungwi wa Ruaruke, humwimbia mwali ndani, mlango umefungwa. Ukauimba wewe, mwanamume mzima, mbele ya baba za watu.

Wanawake waliinuka mmoja mmoja, wakajitanda kanga, wakatoka. Mama alibaki kitini. Kesho yake tuliviimbia viti, na mchezo ukaishia hapo.

Nilipokuuliza wimbo umeutoa wapi, ulicheka. "Dada, na mie si nilikuwamo? Mgongoni mwa mama."

Kila mtoto wa kiume huku kwetu amebebwa mgongoni ngomani. Akishatoka jandoni, aliyoyasikia unyagoni si yake tena, na hakuna anayehitaji kukumbushwa. Wewe uliyahifadhi, ukaja kumvua mama yako nguo kwa sababu ya makofi. Sina neno la upole la kulieleza hilo, na silitafuti.

Mama haitwi tena kumfunda mwali. Watu wanaamini yeye ndiye aliyekufundisha. Nami namwambia akukane, aseme hakukufundisha. Yeye hunijibu neno moja tu: "Nimemzaa mie."

Binti yangu amevunja ungo. Mjomba wake hukuuliza, basi nakwambia. Kungwi tulimleta kutoka Ngarambe, na bibi yake mzaa mama akakaa barazani pamoja na wageni, kama jirani aliyepita kusalimia. Ule wimbo mtoto hakuimbiwa. Makungwi wenyewe wamesema haufai tena, umeshatoka nje.

Siku aliyotolewa ndani, nikamsikia anauimba, huku anaosha vyombo. Wote, mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Mama, si vijana wa bodaboda wanauimba kila siku pale stendi?"

Bibi yake alikuwa karibu, anapepeta mchele. Aliusikia wimbo, akalisikia na jibu. Hakuinua uso, aliendelea kupepeta mchele uliokwisha kutakata.

Kwa hiyo usiseme mchezo wako ulikufa, Shabani. Unachezwa hapa kila siku. Huko Dar es Salaam tafuta mwimbaji mwingine, na hapa nyumbani usije mpaka nikuite.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni mama alipochoka.