Kikwembe ya président

Marie-Rose weye, acha kwanza kuosha masahani, soma. Minye kwa soko sirudi tena, haya itaniua.

Unamujua Anastase, président mupya wa soko yetu? Kazi hata hajaanza! Leo kwa réunion ya bachuuzi akatusomea sheria zake. Akiingia, bote tusimame. Hakuna kuongea bila ruhusa yake. Na mandat yake, muda wake wa kutawala, haina mwisho. HAINA MWISHO!

Minye nikasimama. «Papa Anastase, tulikuchagua kwa miaka mbili. Hatukuchagua mufalme.»

Bamama ba nyuma bakaanza kucheka. Nikafikiri banamucheka yeye! Nikaongeza sauti. Nikageuka ili bote banisikie vizuri. Sasa ba mbele nabo bakaanguka na kicheko.

Béatrice akanivuta mukono: «Dada, angalia kikwembe yako.»

Marie-Rose. Kikwembe ya kampeni. Ile kitenge Anastase mwenyewe alitugawia, iko na uso wake. Zingine zote ziko kwa kamba, hazijakauka, asubuhi nikajifunga ile bila kufikiri. Na ule uso, mama yangu, uko kwa matako kabisa, unachekelea bantu.

Anastase akapiga kelele: «Kaa chini!»

Nilitaka kukimbia, nakuapia. Lakini nikamuangalia kwa macho, nikakaa. Polepole. Juu ya uso wake.

Alipoomba kura kwa ile mandat yake, hakuna hata mukono moja ilipanda. Hata ya bibi yake. Ule bibi alikuwa anafuta machozi ya kucheka.