Walihamisha Mawe Tu

Mdogo wangu Magesa,

Nakusalimu wewe na wote wa mji wetu huko Majita. Mmeamkaje? Kikohozi cha shangazi kimepungua? Na mvua je, imewafikia, au mihogo bado inaangalia juu tu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uswisi inaniingia magotini, na binti yangu Nyamumwi ananivalisha makoti mawili kana kwamba yeye ndiye mzazi. Naye ni mzima, na kazi yake ya uuguzi inamwendea vizuri.

Najua unasubiri neno langu kuhusu eneo letu la ufukweni. Uliponipigia simu ulisema yule bwana anayetaka kujenga hoteli anahitaji jibu, kwamba ananunua lote mpaka kwenye miamba, na kwamba makaburi ya babu, baba na mama "yatahamishwa kwa heshima zote". Nilikuomba unipe muda. Kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kukubali. Samaki hawapatikani kama zamani, vijana wetu wanakimbilia kuchimba dhahabu Kiabakari, na hoteli ni ajira. Sasa sikiliza yaliyonikuta Jumapili.

Nyamumwi alinipeleka kuona hoteli kubwa ya zamani iliyo kando ya ziwa la huku. "Baba, wewe unapendaga historia," alisema. "Leo utauliza mpaka uchoke."

Kwanza nikueleze ziwa lenyewe. Majira haya limeganda. Fikiria maji yote kati ya Musoma na kisiwa cha Rukuba yawe magumu kama sakafu ya kanisa, na watu wapite juu yake wakisukuma watoto kwenye vigari. Nilisimama ukingoni nikakataa kukanyaga. Nyamumwi alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji.

Anayewatembeza wageni hotelini ni mama wa umri wangu, anaitwa Marta, mzaliwa wa hapohapo. Anaeleza taratibu, kama tulivyokuwa tukifundisha sisi walimu wa zamani. Alisema pale palikuwa na kijiji cha wavuvi, nyumba chache za mbao na kanisa dogo. Enzi hizo madaktari waliwaambia wagonjwa wa kifua kwamba hewa kavu ya milimani inaponya, basi tajiri mmoja kutoka mjini akajenga hoteli. Wageni wakaja wakikokotwa na farasi juu ya theluji. Wenyeji walizoea kujifungia ndani kungoja baridi iishe, lakini hao waliifuata baridi yenyewe: mchana wakiteleza ziwani kwa viatu vyenye chuma, jioni wakicheza dansi. Hoteli ilipata umeme wake kutoka kwenye kijito kabla ya mji kupata taa. Wakati wa vita ikalaza askari waliojeruhiwa, baadaye ikafungwa, madirisha yakavunjika, mpaka wakaja matajiri wengine wakaikarabati.

Tulipofika ukumbi wa dansi tukapewa kahawa na keki. Hapo nikauliza swali ambalo kwetu mtu yeyote huuliza akitaka kujua mji ni wa nani: "Makaburi ya wenyewe yako upande gani?"

Nyamumwi akagoma kutafsiri. "Baba! Huku watu hawaulizagi hivyo. Hii ni hoteli."

"Hoteli haikujiotea. Hao wavuvi walizikwa wapi? Mwulize."

"Watatuona washamba."

"Kwani shamba si tunalo? Mwulize."

Akauliza huku ameinamisha kichwa. Wageni wengine wakacheka. Marta hakucheka. Aliangalia sakafu, akasema neno fupi. Nikamgusa Nyamumwi mkono anitafsirie.

"Baba, anasema umesimama juu yao."

Magesa, niliirudisha keki mezani. Nilitaka kutoka, mguu ukakataa kuinuka, maana sikujua niuweke wapi.

Marta akatueleza. Hoteli ilipopanuliwa, makaburi ya kijiji yalikuwa njiani. Wenye hoteli wakaahidi kuyahamishia kwenye kanisa jipya mlimani, kwa heshima zote. Padri akasali, watu wakaimba, mawe yenye majina yakapandishwa juu kwa mikokoteni.

"Walihamisha mawe tu," alisema. "Watu walibaki."

Bibi yake, aliyekuwa akifua mashuka ya hoteli, alikuwepo mafundi walipochimba kupitisha mabomba ya maji ya moto. Waliikuta mifupa. Wakaambiwa wafukie haraka, wageni wako njiani.

"Na ninyi wenyeji mlifanya nini?" nikauliza.

"Tungefanya nini? Tulikuwa wafanyakazi wao, na ardhi tulishaiuza."

Mpaka leo Marta anapeleka maua mlimani, kwenye jiwe la babu yake mkubwa, akijua kabisa kwamba chini ya jiwe hilo hakuna mtu.

Hivyo jibu langu ni hapana, hatuuzi. Wewe unajua kwetu wawili wakigombania shamba wazee huuliza kwanza nani amelala pale. Tukiwaondoa wazazi wetu, nani atatusemea? Bwana huyo akitaka, tumpangishe upande wa miamba, ambako hakuna kaburi, na njia ya kwenda kwa wazee ibaki yetu. Akikataa, aende. Najua utasema, "Kaka yuko mbali, mimi ndiye ninayerudi na nyavu tupu." Ni kweli. Bado naomba usitie sahihi.

Nisalimie shemeji, mkeo mvumilivu. Nisalimie shangazi Nyabweke aliyetulea, na umsomee barua hii polepole. Fundi Abdallah wa Musoma mjini, aliyetujengea kaburi la baba, mpe salamu, na umwombe aje aweke saruji kwenye la babu, ambalo limebaki kichuguu tu.

Kabla yule bwana hajaleta mpima ardhi, pandeni ua wa minyaa kuyazunguka makaburi yote. Upande wa kushoto wa mama msiibane sana. Acheni nafasi ya kunitosha mimi.

Kaka yako akupendaye,
Masatu