Picha ya Kalekye kwa mwalimu wa hesabu

Kagiri, nimetoka chuoni sasa hivi.

Unajua Wanza alikosa mtihani wa hesabu siku tulipomzika mamake. Mwalimu wao akataka ushahidi. Nikatoka Kawangware kwa miguu, nikampelekea darasani kwao programu ya mazishi, ile ya picha ya Kalekye.

Akaigeuza akaandika hesabu nyuma! Nyuma ya mke wangu, Kagiri! "Hii ni ya mwaka wa kwanza. Akiiweza, tutaongea."

Wanza akaimaliza hapo hapo kwa kalamu ya mwalimu, akilia.

Jamaa akacheka. "Jibu ni sawa. Lakini mtihani ulishapita." Akaitupa kwa pipa.

Hawa wakubwa ni wanyama.

Nimepiga magoti mbele ya darasa lote kumtoa Kalekye kwa takataka. Nikiwa huko chini ananiuliza, "Na kalamu yangu, mzee?"